Dishi lisilolipiwa: ni nani hasa analihitaji?

Msomaji mmoja wa Kayole ametaka kujua kama ni kweli mtu anaweza kununua dishi mara moja tu, akalifunga juu ya paa, kisha akatazama televisheni miaka na mikaka bila kulipa ada ya mwezi. Naam, ni kweli. Lakini kabla ya kuuliza bei, angeuliza kwanza dishi hilo litamwonyesha nini ambacho hakioni sasa.

Hamu yake inaeleweka. Nyumba inayolipa shilingi 1,000 kwa mwezi hutoa shilingi 12,000 kwa mwaka, na mwaka unaofuata vivyo hivyo. Kwa mzazi mwenye mtoto katika shule ya upili, hizo ni pesa za vitabu, viatu na nauli ya kurudi shuleni. Mwanafunzi wa chuo anayekaa chumba kimoja kule Githurai naye huzihesabu kwa mlo. Kwa hivyo neno "bure" likitamkwa dukani, masikio ya wengi husimama.

Sasa tusikilizane. Anayeishi Nairobi na anataka stesheni za humu nchini, hana haja ya dishi. Mnamo Februari 14, 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa, NTV, KTN, Citizen na QTV zilipotea hewani kwa zaidi ya wiki mbili, na wengi wetu tunakumbuka nyumba zilivyokuwa kimya jioni. Tangu wakati huo, matangazo ya dijitali hurushwa kutoka minara ya ardhini, KBC kupitia mtambo wa Signet na mashirika makubwa ya kibinafsi kupitia mtambo wao wa ADN. Hayo hunaswa kwa antena ya kawaida na hayalipiwi. Geuza televisheni yako uangalie nyuma, au usome kijitabu chake. Ukiona maandishi DVB-T2, king'amuzi cha antena kimo ndani tayari. Ukiona na DVB-S2, hata cha dishi kimo. Ni ajabu jinsi watu wanavyonunua kisanduku cha kufanya kazi ambayo televisheni yao ingeifanya yenyewe.

Basi dishi ni la nani? Kwanza, ni la nyanya na babu kule mashambani. Mawimbi ya mnara yakikutana na mlima hukwama. Waulize wanaoishi mabondeni, chini ya miteremko kama ile ya Elgeyo, watakwambia antena yao ilivyopandishwa juu ya mlingoti mrefu na bado picha ikawa vipande vipande. Setilaiti iko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, nayo haijui kilima wala msitu almuradi dishi liione. Pili, ni la mpenda habari za dunia. Al Jazeera, DW na France 24 hutangaza kupitia setilaiti bila kufungwa, na mwanafunzi anayejifunza Kifaransa atapata mwalimu wa kila siku asiyedai karo. Mahubiri nayo yamejaa tele, ya kila dhehebu, usiku na mchana.

Si la mpenda kandanda ya Uingereza. Ligi hiyo huuzwa kwa mashirika ya kulipia, na hakuna dishi la bure litakaloileta sebuleni kihalali. Nalisema waziwazi kwa sababu hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Atatokea fundi akuambie kwamba ukimpa kitita mara moja tu atakufungulia chaneli zote za kulipia. Huo ni wizi wa hakimiliki, na sheria ya mwaka wa 2001 inaukataza. Isitoshe, wenye chaneli hubadilisha funguo zao wakati wowote. Siku hiyo televisheni itakuwa giza na simu ya fundi itakuwa imezimwa.

Katika nchi nyingine serikali au mashirika ya utangazaji yamemrahisishia mtazamaji. Uingereza ina Freesat, iliyoanzishwa na BBC na ITV mwaka wa 2008. India ilianza mpango wa shirika lake la taifa mwaka wa 2004, ambao sasa huitwa DD Free Dish, na Afrika Kusini imekuwa na Openview tangu 2013. Hapa kwetu bure hiyo ilijengwa hasa juu ya minara ya ardhini, kwa hivyo mnunuzi wa dishi hana budi kuchagua kwa macho yake mwenyewe. Usikubali kuhesabiwa chaneli kwa mdomo. Mia tano zinaweza kuwa za lugha usizozijua, nyingine zimerudiwa, na nyingine zinauza sufuria. Mwambie mwenye duka awashe, kisha uandike zile ambazo watu wa nyumbani kwako watazitazama kweli. Zikiwa tatu, jiulize kama tatu zinatosha. Ujue pia kwamba chaneli iliyo wazi leo inaweza kufungwa au kuhamia setilaiti nyingine bila kukupigia hodi.

Kuhusu ukubwa, dishi la bendi ya Ku huwa la sentimita 60 hadi 90, na mtu mmoja hulibeba begani. Udhaifu wake ni mvua: ile ya Aprili ikishika, picha huganda. La bendi ya C ni jitu la futi sita au zaidi, linalotaka uwanja na msingi wa saruji, lakini mvua hailitishi. Hilo si la fleti. Hata lile dogo, mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni upande. Ukiwa Nairobi, setilaiti iliyo digrii 36 mashariki iko karibu utosini mwako. Iliyo digrii 7 mashariki unaitafuta magharibi, juu kidogo ya nusu ya safari kutoka upeo wa macho hadi utosini, na iliyo digrii 68.5 unaigeukia mashariki kwa mwinuko kama huo. Kwa hivyo chunguza kama kuna mwembe au ghorofa upande huo, na kama jirani hajaanza kurundika mawe ya kujengea.

Kwa nyumba ya mashambani yenye umeme wa jua, tafuta king'amuzi cha volti 12. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa waya wa dishi pamoja na wa umeme. Na iwapo karibu na Machi 20 au Septemba 22 picha itapotea mchana kweupe kwa dakika chache, siku kadhaa mfululizo, usimwite fundi. Ni jua linalopita nyuma ya setilaiti na kulimulika dishi lako moja kwa moja, litaondoka lenyewe.