Mtungi Umefunikwa Kanga

Harusi za hapa Vitongoji siku hizi, mtungi wa gesi haukosi katika vyombo vya bi harusi. Unafungwa utepe, unapakiwa garini pamoja na kitanda na masufuria, na vigelegele juu. Rudi nyumba ile baada ya miezi mitatu. Mtungi uko pembeni umefunikwa kanga, na mwari wetu yuko uani kwenye mafiga, anapuliza makumbi ya nazi, macho mekundu. Gesi imekwisha, na pesa ya kujaza ndiyo hiyo hiyo ya mchele.

Simlaumu. Wala mumewe simlaumu moja kwa moja, ingawa nitamgusa.

Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo jema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 pekee, na anayekaa na moshi huo tunamjua ni nani. Hofu yangu ni kwamba itahesabiwa mitungi iliyogawiwa, isihesabiwe iliyojazwa mara ya pili.

Umeme ulishatuonyesha hili. Waya wa baharini kutoka upande wa Pangani ulifika Pemba 2010 kwa msaada wa Norway, tukapumzika na majenereta ya dizeli. Alhamdulillah. Lakini nyumba ninazoingia mimi, umeme ni wa taa na simu. Ukibandika maharage kwenye jiko la umeme, uniti za Tukuza zinakimbia huku unaziona.

Na wako huko Ulaya wanaosema tusihimizwe gesi kwa sababu nayo inachafua hewa. Waliochoma makaa ya mawe miaka mia mbili, leo wanapima chungu cha mwanamke wa Pemba! Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa moto, kama maji na malisho, watu wana shirika ndani yake.

Sasa mume. Mafakihi wetu wa Kishafi wanaingiza gharama za kupika katika nafaka, si chakula kibichi tu. Basi bi harusi mtarajiwa, posa ikizungumzwa, mwambie walii wako aulize bila ya haya: gesi ikisha, nani anajaza? Najua mvuvi ambaye bahari imechafuka wiki nzima hana cha kujazia. Hapo ndipo serikali inapotakiwa: ruzuku iende kwenye kujaza, isiishie kwenye mtungi wa kwanza. Na zije zile mita za kulipia gesi kidogo kidogo, ambazo Dar es Salaam wameshaanza kuzitumia, mtu anunue ya elfu mbili kama alivyokuwa akipimiwa mafuta ya taa dukani.

Waheshimiwa wakija tena na mitungi ya kugawa, tupokee, tushukuru, kisha tuwaulize bei ya kujaza hapa Chake Chake, baada ya gesi kuvuka bahari.