Bomba Tunalipima, Mshipa Hatuupimi

Ndugu zetu Waswahili wa Doha na kwingineko,

Anayerudi kutoka likizo nyumbani hakosi kifurushi. Siku hizi ndani yake mna unga wa mlonge, haba soda iliyosagwa, na chupa isiyo na lebo ambayo, tunaambiwa, "inasafisha mishipa". Kinachopungua tunakwenda kukitafuta Souq Waqif. Hatuna ugomvi na mitishamba. Ugomvi wetu ni na nafsi zetu.

Wengi tulioletwa hapa na kazi za gesi na ujenzi ni wahandisi na mafundi. Hatukubali bomba lifungwe bila cheti cha majaribio: tunataka kujua chuma chake, unene wake, na presha litakayostahimili. Jioni tunarudi nyumbani na kumimina mwilini kitu ambacho hakuna aliyekipima, kwa maelekezo ya "kijiko kimoja asubuhi". Shahada zetu tumeziacha wapi?

Hilo neno kusafisha nalo linatupotosha. Mshipa si bomba lililoota kutu. Lehemu huingia ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa na kujenga uvimbe kwa miaka mingi. Siku uvimbe ukipasuka, damu huganda juu yake na njia ya moyo ikaziba. Ukuta huo hausuuzwi kwa kinywaji.

Tutaambiwa tunadharau dawa za wazee wetu. La hasha! Asili ya aspirini ni gome la mti, digoksini ya moyo ilitoka kwenye mmea, na statini za kwanza zilipatikana kwenye kuvu. Tofauti ni kwamba hizo zilipimwa, kiasi chake kikajulikana na madhara yake yakaandikwa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kulinganisha statini ya miligramu 5 na vidonge vya kitunguu saumu, mdalasini, manjano na vinginevyo, kwa siku 28. Statini ilishusha lehemu mbaya kwa karibu asilimia 38; vile vingine havikupita kidonge kisicho na dawa. Siku 28 ni chache, tunakubali. Basi mwenye kudai zaidi naye alete kipimo chake.

Tena mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru. Vidonge vya kitunguu saumu vikichanganywa na dawa ya kuzuia damu kuganda vinaweza kuzidisha kuvuja damu. Mizizi mitamu ya sus, inayonywewa sana katika nchi za Kiarabu, ikizidi hupandisha presha.

Mwenzetu mmoja aliacha vidonge vyake vya presha miezi minne, akitegemea chupa ya nyumbani. Tulimsikia akiisifia barazani, na baadhi yetu tukamwomba atuagizie. Hakuna aliyemuuliza kama daktari wake anajua. Tulikwenda kumwona wodini, upande mmoja wa mwili umepooza.

Kwa hiyo tuseme wazi. Asiache mtu dawa ya hospitali kwa sababu ya chupa. Chupa hiyo ipelekwe kwa daktari, bila haya. Na sisi wenye elimu na mishahara tuwaunge mkono wanaopima mimea yetu, kama Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, badala ya kuwa wachuuzi wa uvumi. Hiyo ndiyo heshima kwa wazee wetu.

Mficha maradhi, kilio humfichua.