Anayeanika Mbinu Zake Si Mlaghai

Kuna hukumu inayotolewa haraka mno kwenye vibanda vya PlayStation mjini Gisenyi, na huku Cyanzarwe nako imeshafika. Kijana akionyesha kwenye simu video ya mtu anayemaliza Super Mario kwa kupenya ukutani, hakosi wa kumaka: "Huyo mwizi, kachezewa na kompyuta!"

Hofu hiyo naijua inakotoka. Mwaka 2021 mahakama ya Rwanda iliwahukumu watu 12, wanane kati yao Wakenya, kifungo cha miaka 8 kwa jaribio la kuingilia mifumo ya benki ya Equity. Kwa wengi, basi, kutafuta upenyo ndani ya programu ni kazi ya wezi tu. Lakini benki ina wateja wenye hela zao. Mario hana akaunti.

Na tazama wanachokifanya hasa watengenezaji wa video hizo za Mario. Wanafungua gemu ndani ya emuleta, programu inayoiga mashine ya gemu, na kuipunguza mwendo hadi fremu moja moja. Kwa Nintendo ya zamani, sekunde moja ina fremu 60 hivi. Mtu anabonyeza, anatazama, hakuridhika, anarudi nyuma na kujaribu kitufe kingine. Programu ya gemu haiguswi hata herufi. Mwishoni linabaki faili lenye mfululizo wa vitufe, ambalo yeyote anaweza kuliendesha kwake akahakikisha. Mzee anayebaki peke yake na ubao wa igisoro, akipanga kete na kuzirudisha hadi aone mtego ambao hakuuona kwenye mchezo, nani amewahi kumwita mwizi?

Sasa niwape mlaghai wa kweli. Mwaka 1982 Mmarekani Todd Rogers alitangaza kuwa amemaliza Dragster, gemu ya mbio za magari ya Atari, kwa sekunde 5.51. Alikubaliwa. Jina lake likakaa juu ya orodha ya Twin Galaxies, watunza rekodi wa michezo hiyo, na Guinness wakamtambua, huku wenzake miaka nenda miaka rudi wakigonga mwamba kwenye 5.57. Wenye shaka waliambiwa wana wivu. Kisha mchezaji Eric Koziel akaifumua programu ya Dragster, akapima kwa kompyuta kila fremu na kila kitufe kinachoweza kubonyezwa, akakuta kwamba hata mkono usiochoka wala kukosea hauvuki 5.57. Januari 2018 Twin Galaxies walizifuta rekodi zote za Rogers. Uongo uliodumu miaka 35 na ushei ulibomolewa na zana zile zile tunazoziita za kidanganyifu. Na aliyeusema, kwa madai yake, alicheza kwa mikono mitupu.

Nakubali, mambo hayakuanza vizuri. Mwaka 2003 video ya Mjapani anayejulikana kama Morimoto, akimaliza Super Mario Bros. 3 kwa dakika 11 hivi, ilizagaa bila maelezo, na waliodhani ni mchezo wa mkono walikasirika walipojua ilivyotengenezwa. Haki yao. Ila kilichowaudhi ni kutoambiwa, na leo kazi hizi hutolewa zikiwa na jina lake na orodha yake, mbali kabisa na rekodi za mikono. Wa mikono nao hujifunza humo. Aprili 2021 mchezaji aitwaye Niftski alishuka chini ya dakika 4 na sekunde 55 kwenye Super Mario Bros. ya kwanza, akipita njia ambazo nyingi zilipimwa kwanza kwenye emuleta, fremu kwa fremu.

Mipaka ipo. Ukija kibandani na programu ya kukuchezea, mbele yako amekaa mtu na mmewekeana faranga, usiniite shahidi. Rudisha hela ya watu.