Meno ya mashini yanatoka kwetu

Serikali ya Kinshasa ilifunga usafirishaji wa kobalti mwezi wa pili 2025, halafu mwezi wa kumi ikaufungua kwa kipimo: tani 96.600 kwa mwaka 2026, na vilevile 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Tangu hapo maongezi yetu ni bei na betri za magari tu.

Kobalti ina kazi nyingine. Kuna mashini kubwa za kuchonga chuma, zingine ndefu kama nyumba, zinazoongozwa na kompyuta. Kompyuta inafuata namba na kupitisha kisu juu ya chuma cha tani nyingi, bila kukosea hata unene wa unywele. Ndizo zinazozaa mashini zingine: shafti za meli, turbini za umeme, gia za vinu vya kusaga mawe kwenye migodi. Na ncha ya kisu, mara nyingi, ni punje za kabidi ya tungsteni zilizoshikamanishwa na kobalti. Karibu robo tatu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu.

Wenye mashini hizi wanazilinda kama silaha. Mapema miaka ya 1980, Toshiba Machine ya Japani iliuzia Warusi wa Leningrad mashini za kuchonga propela za manowari za chini ya maji. Kompyuta zake zilitoka Kongsberg ya Norwe. Kwenye karatasi iliandikwa mashini ya aina nyepesi. Jambo lilipojulikana 1987, wabunge wa Marekani walivunja redio ya Toshiba kwa nyundo mbele ya watu, na wakuu wawili wa Toshiba wakajiuzulu. Redio haikuwa na kosa lolote! Tangu vita ya Ukraine ya 2022, Warusi wamefungiwa tena, na wanazitafuta China. Watengenezaji wengine wanaweka ndani ya mashini kifaa kinachoifunga ikihamishwa bila ruhusa.

Wasomaji wa 1 Samweli 13 wanalijua jambo hili. Wafilisti hawakuzuia Israeli kulima, walizuia mhunzi. Kila jembe likawa butu, mwenyewe alishuka kwao na kulipa.

Sisi tunaona kipimo cha kobalti ni uamuzi mzuri, lakini hakifundishi kijana hata mmoja kuchonga chuma. Tunauza kobalti kwa tani, tunanunua kisu kwa kipande. Sehemu ya pesa iliyoongezeka ingeweza kununua mashini moja ya kadiri kwa shule ya ufundi ya Likasi au Kolwezi, pamoja na mwalimu anayeijua. Shida ya kwanza itakuwa umeme: ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, kisu kinaweza kuvunjika, na kazi ya siku nzima inaharibika.