Nani alisema mtaa hauna mila?

Kuna neno moja limetuchosha masikio. Kila mara watu wanapokusanyika kuzungumza juu ya mila za Maniema ya kusini, lazima mmoja atasimama na kusema kwamba mila ziko kijijini. Kwake yeye mila ni ngoma ya Wabangubangu, ni jando la porini, ni mitumbwi ya Wagenya kule Lualaba. Sisi watu wa mitaa ya Kasongo, na ndugu zetu wa Kabambare mjini, hatuna kitu. Kanzu, kofia, maulidi, dufu la arusi, pilau, baraza mbele ya nyumba, hata Kiswahili chenyewe: "Ile iko mambo ya Waarabu. Mila njo ile ya mababu." Na watu wanapiga makofi.

Sisi hatupigi. Tunaona neno hilo si kweli, na tena lina hatari, maana kitu kisichohesabiwa kuwa mila hakuna mtu atakayekilinda. Nyumba ya zamani inabomolewa, mzee anayejua kusoma barazanji kwa sauti ya zamani anazikwa, bibi anayejua nyimbo zote za kumtoa mwali anazikwa, na hakuna hata mmoja aliyekuja na daftari, kwa sababu eti hayo si ya kwetu.

Tuhesabu kidogo. Tippu Tip alifika Kasongo na kuweka makao hapa mwaka 1875. Mchele uliingia Maniema pamoja na misafara ile ile, na mpaka leo watu wa Kasongo wanalima mchele, wanakula mchele, wanauza mchele. Karibu miaka 150! Sasa yule bwana anayesema mchele ni wa wageni, tumuulize: sombe je? Muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno pwani ya magharibi, ukapanda mito mpaka huku. Hakuna mtu anayesimama mkutanoni kusema sombe ni mambo ya Wareno. Mama akipika sombe na mawese, njo chakula cha mababu. Akipika pilau, ni Mwarabu. Kipimo gani hicho?

Lakini hesabu ya miaka si jambo kubwa. Jambo kubwa ni hili: nani aliyejenga mitaa ile? Waarabu wenyewe walikuwa wachache sana. Waliojaza Kasongo na Kabambare walikuwa watu wa hapa na wa jirani: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, na wengine waliotoka mbali zaidi. Wengine walifuata wenyewe kwa kutafuta biashara au ulinzi. Wengi waliletwa wakiwa wamefungwa shingo. Mtu aliyenyakuliwa kijijini kwao, akapoteza baba, akapoteza lugha, akapewa jina jipya, amefika katika mtaa asiokuwa na ndugu. Afanye nini? Anatafuta jirani. Jirani anakuwa ndugu. Wanasaidiana kuzaa, kuoza, kuzika. Wanaitana waungwana, neno ambalo maana yake ni watu huru, na wengi wao uhuru huo waliupata juzi tu, au hawajaupata bado. Wanavaa kanzu kwa sababu kanzu inasema: mimi si mtumwa. Wanaongea Kiswahili kwa sababu njo lugha pekee wanayoweza kusikilizana wote.

Huu ndio urithi wa mtaa. Hata Wabelgiji walipoiita lugha yetu Kingwana, walikuwa wanataja bila kujua jina la watu waliojitengenezea ubinadamu wao upya. Leo Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Haijasema ni lugha ya wageni. Sisi wenyewe njo tunasema!

Sasa tugeuke upande wa pili, maana wako wengine nao tuna neno nao. Hao ni ndugu zetu wa damu kabisa, wanaojivunia uungwana mpaka wanapitiliza. Ukiwasikiliza, Tippu Tip alikuja na dini, mchele na ustaarabu, basi. Minyororo hawaitaji. Pembe za ndovu zilitembea zenyewe mpaka Bagamoyo, inaonekana.

Hapana. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa Nyangwe waliwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na chumvi na vyungu. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, Lualaba ikawachukua. Livingstone alikuwepo, aliona kwa macho yake, na aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hao walikuwa mabibi zetu. Mtu anayetaka kusimulia maulidi na pilau bila kusimulia soko la Nyangwe anatunyang'anya nusu ya historia, na tena ile nusu inayoeleza kwa nini tulihitaji kujenga mtaa.

Na mtu asituambie kwamba Mbelgiji ndiye aliyekuja kutufungua. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili 1893, na Kabambare Januari 1894. Vita vile viliitwa vita vya kuondoa utumwa. Halafu? Mwaka 1917 ikaja sheria ya kilimo cha lazima, na wazee wetu wakalimishwa pamba kwa kiboko na gereza. Na mtoto wa Mwislamu kwa miaka mingi alikaa bila shule, kwa kuwa shule ilikuwa ya misheni. Lakini Wabelgiji, tuwasifu kwa jambo moja, hawakusahau watu wao. Kule Blankenberge, ufukweni mwa bahari yao, kuna sanamu ya Lippens na De Bruyne, wanajeshi wawili waliouawa hapa Kasongo mwaka 1892. Watu wawili wana sanamu Ulaya. Mamia ya wanawake wa Nyangwe hawana.

Na jirani zetu wa mashariki je? Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO orodha ya maeneo ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ili siku moja yahesabiwe urithi wa dunia: Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara karibu na Tabora, mpaka Ujiji. Wamefanya vizuri. Ila njia ile haikuishia Ujiji. Ilivuka ziwa, ikapanda milima, ikafika Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Huku ndiko watu na pembe zilikotoka. Unguja, nyumba ya Tippu Tip katika Mji Mkongwe inaonyeshwa kwa watalii, na maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, Kasongo imetajwa humo. Sisi tuko na Kasongo Tongoni, mji wenyewe wa zamani, na mtoto wa sekondari anaweza kumaliza masomo bila mwalimu wake kumpeleka kule siku moja kwa miguu.

Wengine watajibu: mnataka makumbusho, feza iko wapi? Tungoje mradi. Ah, mradi! Tangu vita vya 1998 mpaka 2003, tumejifunza ugonjwa huu wa kungoja. Kamati inaundwa pale gari la shirika linapofika, inakufa pale gari linapoondoka. Kazi ya mtaa ambayo zamani jirani waliitana asubuhi na majembe, leo mtu anauliza kwanza perdiemu. Hata salongo ya Mobutu, ambayo ilikuwa ya kulazimishwa na tuliichukia, iliiga kitu ambacho wazee walikuwa nacho bila kulazimishwa na serikali yoyote.

Tunasema hivi: mtaa wenyewe njo makumbusho, na walinzi wake wako tayari. Watazame vijana. Yuko anayechora vibao vya maduka na kuta za saluni. Wako wanaoigiza michezo uwanjani, wanaochanganya dufu na gitaa arusini mpaka wazee wanakunja uso. Badala ya kuwakemea kwamba wanaharibu mila, tuwape kazi. Kule Lubumbashi, miaka ya 1970, mchoraji mmoja wa watu wa kawaida, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya nchi nzima, picha mia na zaidi, tangu mababu, Waarabu, Lumumba, mpaka siku zake, na akaieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Hakungoja digrii. Ukuta mmoja wa soko la Kasongo ukichorwa soko la Nyangwe la 1871, watoto watauliza, na mabibi watajibu.

Na tusiwasahau wanaoingia sasa. Kwa miaka mingi watu wa Kabambare wamekimbia bunduki upande wa Salamabila na machimbo ya Namoya, wamefika Kasongo na godoro kichwani, wamepangishwa uani kwa watu. Wako wanaowaita wageni. Wageni! Katika mji uliojengwa na watu walioletwa bila kupenda! Mama wa Kibangubangu anayekaa leo uani kwa jirani anafanya kile kile bibi wa muungwana alichofanya miaka 150 iliyopita, na nyimbo alizokuja nazo ziandikwe pia katika daftari hilo hilo.

Basi, kwa wenzetu wa chama, mapendekezo yetu ni machache. Kila mtaa uchague watu wawili, mwanaume na mwanamke, wenye mwandiko mzuri, wazungukie wazee kabla mvua hazijaanza: majina ya zamani ya mitaa, nani alitoka wapi, nyimbo, maombolezo, na pia habari za aibu. Wanaogawa viwanja waambiwe kwa barua, na nakala ibaki kwetu, kwamba makaburi ya zamani hayauzwi. Na tarehe 15 Julai watu waende Nyangwe, Waislamu na Wakristo, pamoja na Wagenya wenye mitumbwi yao. Dua isomwe, sala isaliwe, ngoma ya kijijini ipigwe kando ya dufu la mjini. Nauli ya kivuko kila mtu ajilipie.