Kutoka Katika Kompyuta Nako Kufundishwe

Somo la kompyuta huanza, na mara nyingi huishia, katika kuingia. Mwanachuo hufundishwa kuandika jina lake na neno lake la siri, kufungua faili na kuhifadhi kazi yake. Kutoka huachiwa dakika ya mwisho, kengele ikiwa imekwisha kulia. Maoni yetu ni kwamba kutoka ni somo kamili, linalostahili maandalio, majaribio na maswali yake.

Tuchukue mfano wa chumba ambamo faili za wanachuo wote zimewekwa katika seva moja, nao huzifikia kwa NFS, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Katika namna yake ya awali, ambayo hata leo ingali ikitumika, seva huamini namba ya mtumiaji inayoletwa na kompyuta. Awezaye kuighushi namba hiyo huweza kujifanya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo wengi huiunganisha NFS na Kerberos, utaratibu wa utambulisho uliobuniwa katika chuo cha MIT cha Marekani. Hapo mtumiaji hupewa tiketi yenye muda maalumu, nayo ndiyo inayomdhamini mbele ya seva.

Lakini tiketi ni kitu kimoja, na mapatano yanayofanywa kwa tiketi hiyo ni kitu kingine. Mtumiaji anapoifikia seva, kiini cha Linux hufanya nayo mapatano ya usalama, kisha huyaweka katika kumbukumbu yake chini ya namba ya mtumiaji huyo. Amri ya kdestroy hufuta tiketi, ila kwa kawaida haiyagusi mapatano hayo. Yaweza kubaki halali hadi muda wake uishe, pengine baada ya saa kadhaa.

Madhara yake si madogo. Ikiwa chumba kizima hutumia akaunti moja, na kila mwanachuo hujitambulisha kwa tiketi yake ndani ya akaunti hiyo, anayeketi baadaye huweza kuzisoma faili za aliyemtangulia, hata kuzibadili, na seva ikahesabu kuwa ni kazi ya yule aliyekwisha kuondoka. Je, mkufunzi atasahihisha kazi ya nani? Na aliyeondoka atajiteteaje?

Twapendekeza mwalimu asianze kwa maelezo. Atayarishe folda ya majaribio isiyo na siri ya mtu. Mwanachuo mmoja ajitambulishe, aifungue, kisha aifute tiketi yake. Kabla ya kujaribu tena, darasa liulizwe: Je, folda itafunguka? Yamkini wengi watasema la. Ikifunguka, swali la kwa nini litatoka vinywani mwao wenyewe, na hapo maelezo ya mwalimu yatapokelewa na watu wanaoyahitaji.

Pengine baadhi ya wenzetu watasema kuwa hiyo ni kazi ya fundi. Ni kweli kwamba fundi ana sehemu yake: kumpa kila mtumiaji akaunti yake, kupanga ili mtu anapotoka programu zake zote zisimame na tiketi zake zifutwe, na kuufupisha muda wa mapatano. Pale ambapo akaunti ya pamoja haiepukiki, tiketi ifutwe, kisha kompyuta izimwe na kuwashwa upya kabla ya mwingine kuketi, kwani mapatano yaliyomo katika kumbukumbu hayavuki kuzimwa huko. Hata hivyo, mipango ya fundi haimsaidii mtu anayeinuka na kwenda zake bila kutoka. Tena mwanachuo wa leo ni mwalimu wa kesho, na huenda shuleni kwake asimkute fundi yeyote.

Kwa hiyo twawaomba wakufunzi wenzetu watenge walau kipindi kimoja kwa ajili ya somo hili, na katika kila kipindi kingine waache dakika tano kabla ya kengele, ili kila mwanachuo atoke ipasavyo, mwalimu akiwapo na akiona.