Fyuzi Hailindi Mtu



Tangu reli ifike ufukoni hapa Kisumu mwaka 1901, mashine zimekuja kwa zamu: kwanza za moshi, kisha za dizeli, na sasa za betri. Foklifti na vigari vya mizigo vinavyokwenda kwa betri vinaingia katika magodauni na karakana za nchi yetu. Sisi hatuvikatai. Mtu aliyevuta moshi wa dizeli kutwa nzima ndani ya godauni hawezi kukataa hewa safi. Lakini twasema hivi: kabla mashine haijaingia, mahali pake pa kuchajia pawe tayari.

Tunayoyaona ni mengine. Mashine hununuliwa, chaja hutolewa sandukuni, halafu hutafutwa soketi yo yote iliyo karibu. Ikiwa mbali huletwa ekstensheni, ikalazwa juu ya saruji iliyolowa maji ya mvua. Tukiuliza twajibiwa, "Msiogope, kuna fyuzi."

Ndugu zetu, jibu hilo halitoshi. Fyuzi hulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Fyuzi ya ampea 13 huziacha ampea 13 zipite bila kukatika. Moyo wa binadamu waweza kusimamishwa na sehemu moja ya kumi ya ampea moja. Basi mtu atakuwa amekwisha kufa, na fyuzi ingali nzima.

Mtu hulindwa na vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhi uliofungwa barabara kwenye bati la chaja. Cha pili ni swichi ya kukata stima inayovuja, ambayo hukata mara moja stima ikivuja kiasi cha miliampea 30. Swichi hiyo ina kitufe cha kuijaribia. Kitufe kibonyezwe kwa zamu, na tarehe iandikwe. Hapa fundi awe macho. Chaja hugeuza stima ya laini kuwa stima ya betri, na stima ya namna hiyo ikivuja, swichi ya kawaida yaweza kupofuka isikate. Kwa chaja kubwa za fezi tatu mara nyingi hutakiwa swichi ya aina B. Fundi asome kitabu cha mtengenezaji, asikisie.

Tena kila chaja iwe na laini yake na breka yake. Plagi ya betri isichomolewe chaja ikiwa inafanya kazi, maana hutoa cheche. Betri za asidi zinapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa hiyo madirisha ya juu yawe wazi, na sigara zibaki nje.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalum ya stima kwa kuchaji magari, na bei ya usiku ni nafuu kuliko ya mchana. Matajiri watapenda kuchaji usiku, wakati ambapo pengine yuko mlinzi mmoja tu. Je, mlinzi huyo ameonyeshwa swichi kubwa iko wapi? Amefundishwa kwamba mwenzake akishikwa na stima, asimguse kabla ya kuizima?

Watasema gharama ni kubwa. Bei ya swichi na waya ni ndogo sana mbele ya bei ya mashine yenyewe. Aliye na fedha za foklifti hakosi za swichi.

Wala hatuombi fadhila. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, nasi tuwe na wajumbe wetu ndani yake. Sheria hiyo yatuagiza tumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa ya kuturudisha mahali hapo kabla hajaiondoa.

Basi kila tawi liulize mambo manne: laini iko? Waya wa ardhi uko? Swichi ya kukata imejaribiwa lini? Hewa yapita? Majibu yaandikwe na kuletwa kwa katibu. Jambo likiandikwa, hakuna atakayesema hakuambiwa.

Umoja ni nguvu.